Muulize Fundi: Programu imegoma na aliyeiandika hayupo

SWALI: Fundi, asalaam alaykum. Nina duka la vifaa vya uvuvi hapa Shella, Malindi. Stoki na madeni ya wavuvi yote yamo kwenye programu moja ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta) ya miaka ya tisini, jamaa aliyetuandikia ashatangulia mbele ya haki na sosi kodi (maandishi ya asili ya programu) hakuna ajuaye ilipo. Kompyuta ya zamani imekufa, kijana wangu kaleta ya mtumba ina Windows XP, tukahamisha kila kitu, lakini ukifungua tu yaandika "Runtime error 200" yatoka. Madeni ndiyo yameenda?
Mwenye duka, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam ami. Madeni yapo, na usimtangazie mtu kwamba yamepotea, wako watakaofurahi! Kilichogoma ni programu, mafaili ya data hayajaguswa.

Kwa dalili hizo programu yako iliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Ile ina kipande kiitwacho CRT cha kushughulikia skrini na kibodi, na kabla hata menyu haijatokea hicho kipande hupima kasi ya mashine ili ikiambiwa isubiri sekunde moja iwe ni sekunde kweli. Inazunguka na kuhesabu kwa milisekunde 55, inagawanya kwa 55, jibu inalitia mahali pasipozidi 65,535. Kompyuta za wakati ule hazikufika huko, lakini kuanzia Pentium za kama megahetzi 200 kwenda juu jibu linakuwa kubwa mno, ni kumimina gunia zima kwenye kibaba, prosesa inakataa na programu inakufa hapo hapo. Yani mashine yenu mpya kosa lake ni kwamba ina mbio.

Dawa yake. Kwanza kopi folda nzima kwenye flashi, hilo sibembelezi. Halafu fungua ile faili ya EXE (ndiyo programu yenyewe) kwa heksi edita, yaani programu ya kuonyesha na kubadili namba zilizomo ndani ya faili, HxD ni ya bure, utafute baiti (namba) hizi: F7 D0 F7 D2 B9 37 00 F7 F1. Hapo kwenye B9 37 00 programu inaambiwa "shika 55", maana 37 ya heksi (hesabu ya kumi na sita) ndiyo 55 yetu. Andika FF FF juu ya 37 00, sevu kwa jina jingine, jaribu. Sasa itagawanya kwa 65,535 na jibu litaenea. Andika juu yake tu, usiongeze wala usifute hata baiti moja, ukisukuma kimoja vyote vya mbele vinahama na programu haitajua iruke wapi. Hasara ni kwamba mlio wa kengele utakuwa mfupi na ujumbe wa kusubiri utapita chap, kwa duka la nyavu si kitu.

Usipoziona hizo baiti basi huenda faili ilibanwa kwa PKLITE au LZEXE, programu za kupunguza ukubwa wa faili, zama zile diski zilikuwa ndogo watu wakibana kila kitu. Iondolee huo mbano kwanza halafu utafute tena.

Kuna watakaokwambia utumie DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, upunguze saikozi (kasi yake), na kweli kosa halitokei, lakini DOSBox ya kawaida haichapishi kwa LPT1, tundu la printa la zamani, na nyinyi najua risiti ndiyo ushahidi wenu. DOSBox-X, ndugu yake, inachapisha. Siku mkihamia Windows ya biti 64 mtaihitaji tu, Windows hiyo haifungui kabisa programu za biti 16 kama hii yenu.

SWALI: Shikamoo fundi. Wenzangu wasema kugusa programu bila sosi kodi ni kazi ya wezi. Nami nataka kujifunza, nianzie wapi?
Mwanafunzi, Lamu

JIBU: Marahaba. Wezi wamo, lakini hata Microsoft, Novemba 2017 walipoziba tundu la usalama kwenye Equation Editor ya Office (ya kuandikia hesabu), faili iliyokompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa kodi ya mashine, mwaka 2000, waliochunguza waliona imerekebishwa kwa mkono ndani ya kodi ya mashine. Wenyewe hao!

Pakua Ghidra, programu ya kuchungulia ndani ya programu zilizokompailiwa, NSA, shirika la ujasusi la Marekani, waliitoa bure 2019. Usikimbilie programu kubwa za watu. Andika yako ya mistari mitano kwa C, kompaili, ifungue humo uone majina uliyovipa vigezo vya ndani yalivyopotea na if yako (ile "kama" ya masharti) imegeuka kuwa nini. Laptopu ikiwa na ramu ndogo Ghidra itakutesa, anza na heksi edita kwanza.