Kwa nyie mnaoanza kazi za kupambana na njaa: msiishie kuhesabu magunia

Wadogo zangu, wengi mnamaliza masomo ya kilimo na lishe mnaingia kwenye miradi ya kumaliza njaa, mna moyo na kwa kweli nafurahi sana kuwaona, ila kuna vitu mi nilivijua nikiwa nimeshachelewa, na nisipowaambia ntakuwa nimewanyima haki yenu.

Mradi wangu wa kwanza tuligawa mbegu bora na mbolea, mavuno yakapanda kweli, tukapiga picha magunia yamepangwa hadi darini, ripoti ikaenda, wafadhili wakaridhika. Miezi kama mitano baadae nikapita tena kijiji kilekile kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta zile nyumba tulizoziandika kwenye ripoti zinakula mlo mmoja kwa siku. Nikakaa nao nikauliza pole pole. Kumbe wote walivuna wakati mmoja bei ikaanguka, na walikuwa na madeni ya pembejeo na ada za watoto hawawezi kusubiri, wakauza kwa bei ya kutupa, na kile kidogo walichobakiza dumuzi wakakigeuza unga ndani ya magunia maana habari ya kuhifadhi hatukuigusa kabisa. Sisi tulihesabu magunia, hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu sahani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hayo yote yalikuwa yameshaandikwa. Lile Lengo namba 2 la Maendeleo Endelevu lililopitishwa na nchi za Umoja wa Mataifa mwaka 2015, la kumaliza njaa ifikapo 2030, wengi tunalijua kwa kichwa cha habari tu. Lisomeni na vipengele vyake. Kile cha 2.3 kinasema kuongeza mara mbili tija ya uzalishaji NA kipato cha wazalishaji wadogo, vyote viwili, na 2.4 ndo kinazungumzia kilimo kinachozalisha bila kuharibu ardhi na kinachostahimili ukame na mafuriko. Sisi tulichukua nusu ya kipengele kimoja tukajiona tumemaliza.

Alafu jambo ambalo napenda kila anayeanza alielewe kabla hajashika dodoso: njaa mara nyingi sio chakula kutokuwepo, ni mtu kushindwa kukipata. Mchumi Amartya Sen aliichambua njaa ya Bengal, kule India ya wakati ule, ya mwaka 1943 iliyoua watu kwa mamilioni, akaonyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vyote vile, shida ilikuwa bei ya mchele ilipaa kipindi kile cha vita na vibarua wa vijijini ujira wao ukabaki palepale. Walikufa chakula kipo. Sasa ukilielewa hilo huwezi tena kuingia kijijini na jibu moja la mbegu, lazima uulize nani analima shamba la nani, nani ana deni, nani anaamua kuuza na nani anapakua chakula.

Na takwimu msizichanganye, hapa nimeona hata wazoefu wanakosea. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2025 inakadiria watu kama milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024, hao ni wale wanaopata nguvu pungufu ya mahitaji ya mwili kwa muda mrefu. Ila waliokosa uhakika wa chakula kwa kiwango cha kati au kikali ni kama bilioni 2.3, na wasiomudu gharama ya mlo wenye afya ni bilioni 2.6. Ni makundi matatu tofauti na kila moja linahitaji msaada wake, mtoto anayeshiba ugali mtupu kila siku anaweza asiwemo kwenye lile kundi la kwanza na bado akadumaa.

Mashirika makubwa ya Umoja wa Mataifa kwenye hii kazi ni matatu na yote makao makuu yapo Roma, yajueni yanavyotofautiana mapema, itawasaidia hata kwenye kuomba kazi. FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) ya mwaka 1945 ni utaalamu, takwimu na sera, WFP (Mpango wa Chakula Duniani) ya 1961 ni chakula na fedha taslimu kwa walio kwenye dharura (ndo hao waliopata Nobel ya Amani 2020), na IFAD (Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo) ya 1977 inatoa mikopo na ruzuku kwa ajili ya wakulima wa vijijini.

Sasa kwenye uendelevu wenyewe nawaomba msome sana habari ya Indonesia. Mpunga wa kisasa uliongeza mavuno mno, na mi siubezi hata kidogo, umelisha watu wengi, lakini ulikuja pamoja na dawa za wadudu zilizouzwa kwa ruzuku, watu wakapulizia kwa ratiba mdudu awepo asiwepo. Zile dawa zikaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wanakula yule mdudu wa kahawia anayefyonza mpunga, basi yeye akazaliana bila mpinzani, kadiri wanavyopulizia ndo anavyozidi. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga, na 1989 yakaanzishwa mashamba darasa, wakulima wanaingia shambani wenyewe kila wiki, wanahesabu wadudu rafiki na wadudu waharibifu, wanachora walichoona, wanajadili ndo wanaamua. Shamba darasa mnalolikuta leo kwenye miradi karibu yote limetokea huko. Likiendeshwa mtaalamu anahutubia wakulima wanaandika, hilo jina tu limebaki.

Njia ya sukuma-vuta iliyotoka ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, nayo ni hivyohivyo, desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde) katikati ya mahindi inafukuza kipekecha shina, inazuia kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi, na inarutubisha udongo, matete (majani ya tembo) pembeni yanamvutia mdudu atoke nje, na mfugaji anapata malisho. Mi naipenda kwa sababu moja hasa, mkulima anapata faida zaidi ya moja kwenye jasho lilelile. Ila mbegu ya desmodiamu lazima ipatikane karibu na mtu awe na uhakika na ardhi yake, aliyekodi msimu mmoja hawezi kupanda kitu cha kumfaidisha mwaka wa tatu, na hamuwezi kumlaumu.

Kuhifadhi msikuache mwisho wa bajeti kama tulivyofanya sisi. FAO inakadiria asilimia 13 hivi ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na dukani. Mfuko usiopitisha hewa unamkosesha dumuzi pumzi bila dawa yoyote, na unampa mkulima nafasi ya kusubiri bei ipande.

Kwenye kupima, yale maswali manane ya FAO ya uhakika wa chakula, kuanzia kama mtu alikuwa na wasiwasi wa kukosa chakula hadi kama alishinda siku nzima bila kula kwa kukosa pesa, yaulizeni faragha, mama peke yake na baba peke yake, maana nimeshapata majibu mawili tofauti kabisa nyumba moja siku moja. Na msiende wiki ya mavuno. Nendeni ule mwezi ghala limeisha na shambani bado kijani, mkae mpaka jioni mpaka chakula kipakuliwe, muone anayepakua amebakiza nini kwenye sufuria kwa ajili yake.