Muulize Muuguzi: "Amepona, sasa ananiita mnoko"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muongoza wageni msaidizi, naishi Pasua, hapa Moshi. Mwezi uliopita tulikuwa kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, wageni wakijiandaa kwenda kileleni usiku. Mgumu (mpagazi) wetu mmoja, kijana niliyemwingiza kazini mwenyewe, alikuwa ametapika, kichwa kinamgonga, na akitembea anayumba. Akanisihi, "Kaka, kesho tu tunashuka. Nivumilie usiku mmoja, usimwambie mkuu wa safari." Nilimwambia. Akashushwa usiku uleule na mwenzake, na alfajiri kule kambi ya Mweka akawa mzima kabisa. Kampuni ikamkata siku zilizobaki, na kwenye tipu hakupata kitu eti hakumaliza safari. Sasa mtaani ananiita mnoko, na mama yake haitikii salamu yangu. Je, nilimdhulumu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huko kupona, maana ndiko kijana anakokushindia. Anauliza: kama kweli nilikuwa mgonjwa, mbona nilipona bila hata sindano? Kwa sababu aliugua kutokana na urefu wa mlima, na kushuka ndiyo dawa yenyewe. Barafu iko zaidi ya mita 4,600, kambi ya Mweka iko kama mita 3,100. Angekuwa na malaria asingepona kwa kuteremka. Huko kupona ndiko kunakoonyesha kwamba mlima ndio uliokuwa unamuua.

Anayeumwa kichwa na kichefuchefu tu anaweza kubaki palepale, asipande zaidi, akaangaliwa. Kuyumba ni habari nyingine: ubongo umeanza kuvimba, na kutoka hapo hadi kupoteza fahamu inaweza kuwa saa chache. Siku nyingine mtembeze kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa anashuka, iwe usiku, iwe mvua, na asishuke peke yake. Panadol inaficha maumivu, haigusi uvimbe. Hata deksamethasoni, dawa ya kupunguza huo uvimbe, ni ya kumpa nguvu ya kushuka, si ya kumbakiza juu. Na huo usiku mmoja aliokuomba, wewe na mkuu mngekuwa kileleni na wageni, yeye hemani na wenzake waliochoka. Nani angejua kama amelala au amezimia?

Kuhusu siri: nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimewanyima majibu hata waume waliokuja kunigombeza mlangoni. Siri ya mgonjwa ni mali yake. Lakini mtu ambaye ubongo wake unavimba hapimi mambo sawasawa, na wewe ulimwambia mtu mmoja tu aliyepaswa kujua. Ungewasimulia wapishi, hapo ningekuita mnoko mimi mwenyewe.

Dhuluma ipo, ila umeitafuta pasipo. Kijana hakuficha kwa ukaidi, alipiga hesabu yake na hesabu ilikuwa sahihi: ukisema unaumwa, unalala njaa. Kampuni inayomkata mgonjwa inawafundisha wagumu kudanganya, halafu mgeni akiuliza inajibu kwamba usalama ni namba moja. (Mwenye kampuni akisoma hapa, aniandikie, nitamjibu pia.) Muulizeni kama anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, maana ugonjwa uliotokana na kazi unauhusu. Muulizeni mkiwa wengi. Ukienda peke yako hutaitwa safari ijayo.

Tipu lakini si ya kampuni. Ilitoka mikononi mwa wageni, mkagawana ninyi wenyewe, na kijana aliyebeba mzigo mpaka Barafu akaambulia patupu mkimtazama. Hilo ni lenu. Changeni, na wewe uwe wa kwanza kutoa. Tena kabla ya safari ijayo kubalianeni mkiwa bado getini, mbele ya mkuu, kwamba anayeshushwa kwa ugonjwa fungu lake liko palepale. Mkingoja mtu augue ndipo mjadiliane, kila mmoja atakuwa anatazama mfuko wake.

Kwa mama yake nenda mwenyewe, tena na mchango ukiwa mkononi. Usiombe msamaha kwa kumshusha. Mweleze mtoto wake alivyokuwa anayumba, bila kupunguza. Na kijana apite hospitali kabla ya kubeba mzigo tena, kwa sababu aliyewahi kuugua hivyo mlimani anaweza kuugua tena, na hilo mkuu wa safari ijayo alijue mapema, kwa ridhaa yake kijana.