Barua kwa mwanangu: mlezi anayekaa kiti cha nyuma

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unasema yule mama mwalimu uliyepangiwa na chuo akulee katika uongozi, kila chama chenu cha wasichana Weusi kinapokutana, anakaa kiti cha nyuma na hafungui kinywa, hata siku ile wenzako walipokubana kuhusu bajeti ukaishiwa maneno. Unauliza: huyu ananilea au amenitupa?

Hujanieleza jambo moja, nalo ndilo lenye jibu: kabla na baada ya mkutano, yeye yuko wapi?

Hapo Greensboro, Marekani, ulipo, Februari 1960, vijana wanne wa kiume wa chuo cha A&T walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth wakidai kuhudumiwa kama Wazungu. Hao ndio wanaotajwa. Kumbe wasichana wa Chuo cha Bennett walikuwa wakilijadili jambo lile tangu mwaka uliotangulia, na siku chache tu baadaye nao walikuwa kwenye viti vile. Mkuu wao alikuwa Willa Player. Hakuwatangulia kwenda kaunta, wala hakuwafungia geti. Lakini wanafunzi walipokamatwa kwa wingi mwaka 1963, alikwenda kuwaona kizuizini, na akapanga wapate masomo na mitihani yao humo humo. Huyo hakuwatupa, mwanangu.

Hapo jirani, mji wa Raleigh, Aprili ya mwaka ule ule wa 1960, mwanaharakati Ella Baker aliwaita vijana wa migomo hiyo ya kukaa kaunta kwenye Chuo cha Shaw, alikosoma yeye mwenyewe. Wakubwa wa SCLC, shirika la Martin Luther King ambako Baker alikuwa akifanya kazi, walitaka vijana wawe tawi lao. Yeye akawahimiza waunde chama chao wenyewe, ndiyo SNCC, kamati ya wanafunzi, ikazaliwa. Na hakuondoka baada ya hapo. Aliendelea kukaa nao vikaoni, akiuliza zaidi kuliko kuamua. Mtu mzima wa miaka 56 kunyamaza mbele ya vijana wanaobishana, hiyo ni kazi ngumu, usione mchezo.

Naijua kazi hiyo. Kwenye kikoba chetu hapa Tanga, binti tuliyempa uweka hazina alikwama akisoma marejesho, macho yote yakanigeukia mimi mwenyekiti. Nikaendelea kufunua daftari la hisa kana kwamba sikusikia. Bi Mwanaisha akanikonyeza nimsaidie, nikajifanya sioni. Jioni binti yuko jikoni kwangu, daftari limelala kando ya sinia la mchele, tunafuata mstari kwa mstari mpaka tukaipata ile elfu kumi iliyoandikwa mara mbili.

Kwa hiyo usimhukumu kwa kiti alichokalia. Mwombe nusu saa kabla ya mkutano umsomee ajenda, akuulize yale wenzako watakayokuuliza. Baada ya mkutano akwambie ulipolegea, na asikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha muulize, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kama yuko tayari kukutaja mahali ambapo wewe haupo. Mary McLeod Bethune alikutana na Dorothy Height mwaka 1937, Height akiwa binti wa miaka 25, akamwingiza moja kwa moja kwenye kazi za baraza lake la wanawake Weusi. Miaka 20 baadaye Height ndiye aliyekuwa rais wa baraza hilo. Sifa tupu zisingemfikisha pale. Alipewa kazi, tena kazi yenye watu.

Akikukatalia yote matatu, usigombane naye. Mshukuru, uiombe ofisi ikupangie mwingine, na hao dada wa mwaka wa nne usiwadharau. Wengine wanajua milango kuliko maprofesa.

Bajeti yenyewe nitumie niione kabla ya Ijumaa. Baba anakusalimu, anauliza kama koti lilifika.

Mama yako