Saa nane ya kamera, saa mbili ya mlinzi

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotengeneza filamu za upelelezi hapa Lubumbashi. Hadithi zao ni za ukoo mmoja: maiti, kampuni ya madini, wakubwa wa nchi mbili wasioaminiana. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu ndani yake mna filamu nzima, hata kama mwandishi wake hajaiona bado.

*Jambo ba yaya wa gazeti. Katika filamu yetu mama katibu wa kampuni anakutwa amekufa juu ya meza ya mikutano, alfajiri. Kamera ya korido inaonyesha mtu akiingia saa 02:47. Muuaji ni mwanasheria wa kampuni, lakini saa hiyo yuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mbele ya mashahidi kumi. Tunataka uongo wake uvunjike bila kuleta shahidi mpya dakika ya mwisho. Tufanye namna gani?* (Msomaji, Katuba)

Ndugu wa Katuba, usimguse shahidi hata mmoja. Wote kumi waseme kweli. Kinachodanganya ni saa.

Mashine nyingi za kurekodi kamera za ulinzi hutoka China zikiwa na saa ya Beijing, na fundi mwenye haraka huziacha hivyo. Beijing iko mbele ya Lubumbashi kwa saa sita. Basi 02:47 ya mashine, tarehe 13, ni 20:47 ya hapa, tarehe 12. Mwanasheria ameua jioni, akapanda gari, na kabla ya usiku wa manane anakula samaki Kasumbalesa.

Sasa tazama zawadi ambayo Kiswahili kimekupa bure. Mtu anayehesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo huita 20:47 saa mbili na dakika arobaini na saba usiku. Tarakimu ni zilezile za mashine! Mlinzi wa lango anamwambia OPJ, yaani afisa mpelelezi wa polisi: "Nilisikia mlango saa mbili na nusu hivi, usiku, ikapita kidogo." Karani anaandika pv, ile karatasi ya maelezo ya polisi, kwa Kifaransa, naye anageuza neno kwa neno: saa mbili za usiku wa manane. Kosa la fundi na kosa la karani, watu wasiojuana, yanashikana mkono, na kila anayesoma faili anaona ushahidi mbili zinazokubaliana. Mtazamaji wa Katuba au wa Kenya, mitaa yetu ya hapa mjini, atakuwa amemsikia mlinzi kwa masikio yake. Anayo kweli mkononi tangu dakika ya ishirini, na akijua mwishoni kwamba alikuwa nayo, hatakusamehe kwa furaha.

Kuna mitego mitatu ya kuziba. Wa kwanza: OPJ akisimama mbele ya mashine yenyewe saa nne asubuhi, ataona imeandika 16:00 na filamu imekwisha. Kwa hiyo asiione mashine. Apewe kipande cha dakika kumi ndani ya flashi, na anayempa awe mwanasheria, kwa adabu, pamoja na barua yenye muhuri. Wa pili: maandishi ya chini ya picha. Mlinzi akisema saa mbili usiku, tafsiri ya Kifaransa chini ya skrini iandike 20 h 30 kama ilivyo kweli. Kosa likae kwenye karatasi ya pv peke yake, na kamera iionyeshe karatasi hiyo kwa sekunde tatu, si zaidi. Ukikosea katika maandishi ya chini, mtazamaji atadhani wewe ndiye hujui lugha.

Wa tatu ni mwili. Maiti huanza kukakamaa taya na shingo baada ya saa mbili hadi nne, kisha ukakamavu hushuka na kushika mwili mzima karibu na saa kumi na mbili. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Daktari akifika saa moja asubuhi, mtu aliyeuawa 02:47 ana saa nne tu tangu afe. Aliyeuawa 20:47 ana saa kumi. Weka kiyoyozi cha chumba kwenye digrii 18, na kionekane kikiwaka. Daktari ainue mkono wa marehemu, na bega lote lifuate kama ubao. Katika baridi ile, saa nne hazitoshi. Asiseme neno. Anyamaze, atazame kiyoyozi, aandike. Mchezaji wako lazima afanye mazoezi ya mkono huo, maana wengi husahau na kulegeza kiwiko.

Picha ya kufichua uongo ni hii. Mpelelezi anadai rekodi ya siku nzima, anarudisha nyuma, na skrini inaonyesha korido yenye dirisha. Pembeni imeandikwa 23:10. Ndani ya dirisha kuna jua, la manjano, limelala sakafuni mpaka kwenye mguu wa kiti. Acha jua hilo likae bila muziki.

Ila afanye haraka. Kamera nane, kila moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde, hula karibu gigabaiti 173 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla siku ya sita haijaisha, kisha mashine hufuta ya zamani na kuandika juu yake. Hiyo ndiyo saa yako ya kuhesabu kwenda chini, wala huhitaji bomu.

*Kwa nini auawe katibu, si mkurugenzi? Wenzangu wanasema sababu yetu ni nyembamba.* (Msomaji, Kamalondo)

Wenzako wana haki, lakini sheria ya nchi inakupa sababu nene. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, kazi za kandarasi ndogo kwa makampuni makubwa zimewekwa kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani. Ndipo wanapozaliwa watu wa kukopesha jina: kwenye karatasi mama katibu ana hisa 51 kwa mia, na ndani ya droo kuna mkataba wa siri unaosema si zake.

Sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, zinazotumika Kongo tangu 2012, zinasema katika SARL (kampuni yenye dhima ya mipaka) meneja huondolewa na wenye hisa zaidi ya nusu. Mama aliyekuwa akileta chai anaweza, asubuhi moja, kumfukuza mkurugenzi kwa kura yake peke yake. Hawezi kubadilisha katiba ya kampuni, kwa kuwa hilo linahitaji robo tatu ya mtaji, lakini kumfukuza anaweza. Siku anapoelewa hilo ndiyo siku hatari inapoanza. Mwanzo wa filamu yako ni hapo: anasoma makala ya katiba ya kampuni kwa kidole, mstari kwa mstari.

Angalia urithi pia. Mtu akifa hisa zake huenda kwa warithi, isipokuwa katiba ya kampuni inataka wakubaliwe kwanza na washirika waliobaki. Nani aliandika kipengele hicho, na lini? Mwanasheria wako. Miezi miwili kabla. Karatasi ile iwe na tarehe inayosomeka.

Na usisahau muhuri. China, muhuri mwekundu wa kampuni huifunga kampuni kwa ahadi zake kuliko sahihi ya mtu; hapa kwetu nako karatasi bila kashe haipiti dirisha lolote. Ni jambo moja ambalo pande zote mbili zinalielewa vilevile, basi muhuri upotee usiku ule.

*Mkurugenzi wetu ni Mchina na anakamatwa kwanza. Naogopa filamu itaonekana ya chuki. Nimeona filamu ya Kimarekani ya 1993, Rising Sun, wenye Sean Connery na Wesley Snipes, na watu wanasema iliwakosea Wajapani.* (Msomaji, Kampemba)

Dada, hofu yako ni ya haki, na mfano wako unafundisha. Filamu ile ya Philip Kaufman ilitoka kwenye riwaya ya Michael Crichton ya 1992. Maiti iko juu ya meza ya mikutano ya kampuni ya Kijapani Los Angeles, na rekodi ya kamera imechezewa. Katika riwaya muuaji ni mfanyakazi Mjapani. Filamu ikahamishia kosa kwa Mmarekani anayewatumikia Wajapani. Hata hivyo Wamarekani wenye asili ya Asia waliilalamikia, kwa sababu kubadilisha jina la muuaji katika dakika za mwisho hakufuti saa mbili za kuonyesha taifa zima kama tishio.

Kwa hiyo usingoje mwisho. Mpe mkurugenzi haja yake mwenyewe tangu mwanzo: deni, mtoto anayempigia simu saa mbaya kwa sababu ya zile saa sita, woga wa wakubwa wake. Adabu za kikazi zifanye kazi ndani ya hadithi, zisiwe mapambo. Kadi ya jina hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili. Anayeipokea kwa mkono mmoja akiitia mfukoni bila kuisoma amemdharau mwenziwe, na hilo linaweza kuharibu mkutano. Jina la ukoo hutangulia. Karani akiliandika kama jina la kwanza, mtu mmoja huwa wawili: mmoja kwenye pv, mwingine kwenye daftari la hoteli, na polisi wanatafuta mtu ambaye hayupo.

Kukamatwa kwake kufuate sheria. Katiba ya nchi ya 2006, ibara ya 18, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoielewa, na kizuizi cha polisi hakipiti saa 48. Baada ya hapo apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama au aachwe. Ikiwa mkalimani pekee mjini ni mfanyakazi wa kampuni ileile, una onyesho zuri, na ni kweli inayouma. Usiweke baraza la raia wa kuamua kesi. Hilo halipo kwetu, ni mazoea ya filamu za Marekani.

*Tukipiga picha ya skrini ya kompyuta inatoa mistari inayopanda.* (Msomaji, Ruashi)

Umeme wetu ni hezi 50. Kamera iende fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, kisha weka skrini yenyewe kwenye hezi 50 katika mipangilio yake. Mistari ikibaki, pandisha mwanga wa skrini mpaka 100, maana skrini nyingi zikipunguzwa mwanga huwaka na kuzima kwa haraka. Giza ulipate kwa kufunga lenzi. Jenereta ndogo hutikisa hezi, kwa hiyo taa za onyesho hilo zitoke kwenye betri.

*Damu yetu inaonekana kama fanta.* (Msomaji, Kenya)

Imekosa kahawia. Chemsha vikombe viwili vya sukari na kikombe kimoja cha maji mpaka iwe nzito, iache ipoe. Tia vijiko viwili vya chakula vya rangi nyekundu ya keki, nusu kijiko cha chai cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji ya vuguvugu, na tone moja la rangi ya buluu. Kakao ukiimwaga kavu itatoa madonge, na kamera huyaona. Ijaribu chini ya taa zilezile za onyesho.

Meza ya mbao ipakwe nta mara mbili kabla, la sivyo rangi inaingia na mwenye ofisi hatawarudisha tena. Nunueni mashati matatu yanayofanana. Na kwa kuwa ni sukari, chini ya taa za moto chungu na nzi watafika ndani ya nusu saa: maiti yenu ilale mwisho, wakati kila kitu kingine kimekwisha kupimwa, na kitambaa chenye maji kiwe karibu na uso wa mchezaji.