Milioni moja na moja: msiishie 97

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la mwalimu mgeni. Akaandika 10,001 ubaoni, akajaribu 3, 7 na 11, akakung'uta chaki mikononi: "Hii ni namba tasa." Yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Si tasa, ni 73 × 137. Nilinyamaza mpaka kengele, kisha tukazungumza pembeni. Ninyi wengine mliopangiwa hisabati mwaka huu nawaandikia, maana kosa hili nalijua kwa uchungu.

1. Anzeni na kipeuo cha pili: namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake. Kwa 1,000,001 kipeuo ni 1,000 na ushee, kwa hiyo kuna tasa 168 za kujaribu. Mimi, mwaka wangu wa pili kazini, nilijaribu 25. Nilitunga swali: "Andika 1,000,001 kama zao la vigawo tasa," nikikusudia kuwatega, kwa kuwa niliamini haina. Usiku ule nilifika 97, nikaona tasa za chini ya 100 zimekwisha, nikafunga daftari. Tasa inayofuata 97 ni 101.

Binti mmoja wa darasa la saba akaandika 101 × 9,901. Nikampiga mkasi. Akaja ofisini, "Shikamoo mwalimu," akaweka karatasi mezani. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli 990,100, chini yake 9,901, akapiga mstari: 1,000,001. Hesabu ya kusoma kwa sekunde tano. Sikuisoma. Nilimwambia arudi darasani, asibishane na mwalimu. Jioni nikazidisha mwenyewe, ikatoka ile ile. Kesho yake nilimrudishia alama zake na kumwomba radhi mbele ya wenzake, lakini hakunyoosha mkono tena hadi muhula ukaisha.

Na jibu lilikuwa wazi, jamani! 1,000,001 ni 100³ + 1³, na jumla ya namna hiyo daima hugawanyika kwa 100 + 1.

2. Kwa 7, 11 na 13, tengeni tarakimu tatu tatu kutoka kulia, mtoe na kujumlisha kwa zamu; kwa 1,000,001 ni 1 − 0 + 1 = 2. Mbili haigawanyiki kwa yoyote kati yao, basi zote tatu mmezimaliza kwa mkupuo.

3. Sura ya namba si ushahidi. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kwamba 641 inaigawa.

4. Vigawo kwanza, majina ("tasa" au "si tasa") baadaye. Ukishapata 101 × 9,901, ambazo zote ni tasa, unajua papo hapo kwamba namba ina vigawo vinne tu.

5. Mtoto akija na karatasi, shikeni penseli mzidishe naye kabla hamjasema neno.

Yule mgeni wangu anarudi Jumatatu na 10,001 yake. Kipeuo chake ni 100 na ushee, tasa za kujaribu ni 25, na 73 ni ya 21.