Jibu: Kizapoteki si lahaja ya Kihispania

Mkuu, umeuliza kama Wazapoteki wa Mexico wanazungumza lahaja ya Kihispania. Hapana kabisa. Mji wao wa Monte Albán ulianzishwa yapata mwaka 500 KK, karibu miaka 2,000 kabla Mhispania hajakanyaga Oaxaca, jimbo lao la kusini mwa Mexico, na tayari walikuwa wakichonga maandishi yao kwenye mawe.

Tena usidhani ni lugha moja. Baadhi ya wataalamu huhesabu zaidi ya 50. Mtu wa milimani na mtu wa mji wa Juchitán wanaweza wasielewane hata kidogo. Kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana ya neno. Juchitán wao huiita diidxazá, lugha ya watu wa mawingu, kwa kuwa "za" ni wingu. Jina zuri kuliko hilo sijalisikia.

Hata Benito Juárez, aliyekuwa rais wa Mexico kuanzia 1858, alizaliwa katika kijiji cha Guelatao mwaka 1806 na kukulia katika Kizapoteki. Kihispania alijifunza alipohamia mji wa Oaxaca akiwa na miaka 12.

Kwa utamaduni, anzia kwa wafumaji wa Teotitlán del Valle, mji mdogo wa Wazapoteki. Kuna kidudu kinachoishi kwenye mpungate, kinaitwa cochinilla. Wanakikausha, wanakisaga, unatoka unga mwekundu uliokolea. Ukiukamulia ndimu kiganjani, unageuka rangi ya chungwa papo hapo! Unga huo hutumika kutia rangi mazulia yao ya sufu, na enzi za ukoloni Wahispania waliusafirisha Ulaya kutoka Mexico kwa thamani iliyozidiwa na madini ya fedha tu.