Maswali ya bustani: kakati ndefu za Andes

Nimepewa kipande cha kakati iitwayo San Pedro. Nikichomeke leo leo? (Msomaji, Njombe)

Hapana, ndugu yangu, subiri. San Pedro ni mmea wa milima ya Andes, huko Ecuador na Peru, na shina lake limejaa maji. Mkato mbichi ukikutana na udongo wenye unyevu huoza kuanzia chini, na wewe huoni kitu mpaka shina lilegee. Chukua kipande cha sentimita 20 hadi 30, chonga kingo za mkato kidogo, maana ukikauka nyama ya katikati hunywea ndani huku ganda likibaki limesimama. Kiweke kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 4. Kikiwa tayari, mkato umekuwa mgumu kama gome, ukiugonga kwa ukucha unalia. Kisimamishe muda wote huo. Kikilala sana huanza kutoa mizizi ubavuni.

Udongo gani, na maji kiasi gani?

Mboji kiasi kimoja, changarawe ndogo au mchanga mnene wa mto viwili. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Fukia sentimita 5 tu, kifunge kwenye kijiti, kisha weka kopo la kumwagilia mbali! Baada ya wiki kadhaa kivute taratibu: kikishikilia, mizizi ipo, anza kumwagilia, na kila mara uache udongo ukauke kwanza.

Mti wangu unafanana na kakati, lakini nikiukata unatoa maziwa. (Dodoma)

Basi huo si kakati, ni wa jamii ya mnyaa. Utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Kakati karibu zote asili yake ni Amerika.

San Pedro hutoa maua lini?

Baada ya miaka, shina likikomaa. Ni meupe, makubwa, hufunguka usiku na kesho yake yanasinyaa. Wasio na subira wapande waridi.

Kipandikizi changu kimelainika chini. Nikitupe?

Bado. Pangusa kisu kwa spiriti, kata juu ya palipooza, na uendelee kukata mpaka nyama iwe safi, bila duara la kahawia wala doa. Pangusa kisu kila unapokata. Kisha anza upya kukausha.